Nyumodeli ni Ipi?

Siku mliyoniaga pale dukani, kati ya keki na soda, Rehema aliniuliza swali. Rehema ndiye aliyerithi kiti changu cha kaunta, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Alisema, "Bi Somoe, umeishi na spea miaka yote hii. Hivi gari linatakiwa litengenezwe miaka mingapi ndipo kiwanda kilibadilishe sura?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, watu wakapiga makofi, bosi akaanza hotuba yake, na swali likapita hivyo hivyo. Nadhani mlifikiri nimelikwepa. Sikuwa na jibu, basi, na leo niko nyumbani Mahurunga nabangua korosho na bado sinalo.

Nawaandikia ninyi mliobaki kaunta mjue kwamba kuchanganyikiwa kwangu hakukuletwa na uzee. Nilianza nako siku ya kwanza ya kazi. Mambo ya cheo na mshahara nayaruka. Cheo kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaoupokea.

Nilipoingia dukani chombo pekee nilichokijua ni baiskeli ya baba. Mwenye duka alikuwa Mzee Najmudini, Mhindi wa Mikindani. Babu yake aliuza kanga, baba yake akauza misumari, yeye akaangukia kwenye spea. Alinionyesha kaunta, akanionyesha rafu, akaniambia mteja akiuliza kitu nisichokijua nisicheke wala nisikatae, nimwite yeye. Mteja wangu wa kwanza alikuwa dereva mmoja mwenye haraka. Alitaka taa ya mbele ya nyumodeli. Nikamuuliza, modeli mpya ya gari gani? Akarudia, nyumodeli, safari hii kwa sauti ya juu kama mtu anayesema na kiziwi. Nikauliza tena. Mzee Najmudini akatoka nyuma, akachomoa boksi rafuni bila hata kuliangalia, na yule bwana akaondoka akitikisa kichwa.

Nikaelezwa. Pikapu ya zamani watu wa huku waliiita Mdomo Chewa, kwa sababu mbele iliachama kama yule samaki. Kiwanda kikaibadilisha sura, na madereva walioileta kutoka Dar wakaja na neno "new model" mdomoni. Watu wakadhani ndilo jina lake, wakalipokea. Kwa hiyo nyumodeli haikuwa sifa, lilikuwa jina. Mtoto akishaitwa Shida haachi kuitwa Shida eti kwa sababu baba yake amepata nyumba ya bati. Hilo nililielewa, nikajiona nimeshaiva.

Kisha kiwanda kikabadilisha tena. Sasa mpya ya kweli tuiite nini, na jina la upya lina mwenyewe? Kwa muda watu wakasema Nyumodeli Mpya, yaani mpya mpya. Halafu sura nyingine ikaja wakati ule wa mambo ya gesi kule Madimba. Mafundi na wakubwa wao walikuwa wakipita nazo barabarani kutwa, na wananchi wakaipa jina la Ya Gesi. Gari lenyewe linatumia dizeli. Bwana mmoja wa Kilambo alinunua iliyokwisha kutumika, akaja kaunta kuniuliza gesi inajazwa tundu lipi. Nikamwambia ni dizeli. Akaniuliza kwa nini basi inaitwa Ya Gesi, huku akiniangalia kana kwamba ni mimi niliyeibatiza. Nilimuuzia chujio la mafuta tukaachana kwa amani.

Mzee Najmudini hakujali majina. Alinifundisha kwamba spea haiangaliwi usoni. Igeuze, tafuta namba, kisha pitisha kidole kwenye meno na matundu yake mpaka kidole kiwe na kumbukumbu kuliko kichwa. Mpira wa bandia alinifundisha kuunusa: ukinukia kandambili mpya, urudishe. Na amri kuu ya kaunta yetu, ambayo bado mnaitumia, ilitoka kwake: mteja aje na ya zamani. Asije na maneno, asije na picha ya gari lake amelisimamia. Aje na kile chuma kilichoharibika, tukilinganishe na cha kwetu juu ya meza. Ukiivunja amri hiyo, alisema, usinililie.

Nyuma ya stoo kulikuwa na rafu aliyoiita ya marehemu. Kila kiwanda kilipobadilisha sura ya gari, taa na bampa na show za mbele, yale madirisha ya kuingiza hewa kwenye injini, tulizokuwa tumeagiza zilibaki hazina mwenyewe. Mzee alizibeba moja moja akizipeleka kule nyuma, huku akisema innalillahi kwa sauti ya chini, na sikuwahi kujua kama anatania. Kwa maoni yake modeli ilitakiwa ikae kiwandani mpaka mtoto aliyeletwa nyumbani nayo kutoka hospitali ya uzazi aweze kuiendesha. Huo ndio ulikuwa muda wa haki. Mimi nikaupenda, nikaushika, nikawa nauhubiri kwa wateja.

Lakini tulikuwa pia na lile gari la porini, mkonga, lenye bomba la hewa limepanda ubavuni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Hilo lilikaa na sura ile ile tangu sijaolewa. Madereva wake wengine hawakujua hata ni la mwaka gani, na hawakuhitaji kujua. Nilitegemea mzee alipende kuliko yote, maana halikumtilia hata maiti moja kwenye rafu. Wapi. Alilalamika kwamba spea za bandia za mkonga ndizo zilizokuwa nzuri kuliko bandia zote, kwa sababu gari likikaa sana bila kubadilika, wezi wanapata muda wa kusoma. Nikamuuliza sasa anataka likae au libadilike. Akanywa chai yake, akasema inategemea. Jibu hilo liliniudhi siku ile na linaniudhi mpaka leo, maana "inategemea" si hesabu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji ya Fundi Chilumba, mnamjua, yule asiyeisha kugomba. Yeye hakuwa na "inategemea". Kwake gari halikutakiwa kubadilishwa hata siku moja. Kila alipofungua boneti ya kitu kipya alitoa mhadhara, gereji nzima inasikia, kwamba wale watu wa kiwandani hukaa mezani wakijiuliza wamtese vipi Chilumba wa Mtwara. Na wateja nao walikuwa na lao. Mwalimu mmoja aliuza gari zima, zuri, akachukua jingine bovu zaidi kwa kuwa lilikuwa na taa za kisasa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilimcheka, kisha Ya Gesi ya kwanza ikaegeshwa mbele ya duka letu, nyeupe, inang'aa, na nilitamani kuingia ndani nikae tu. Dereva wake baadaye alipinduka nayo, ikabiringika, naye akatoka akitembea kwa sababu ya yale maputo yanayofumuka ndani. Alipokuja kutusimulia nilijikuta nasema magari yabadilishwe kila mwaka. Fundi Chilumba aliniita kigeugeu. Alikuwa sahihi, lakini yeye hakuwepo yule dereva alipokuwa akitusimulia.

Mzee Najmudini alipofariki, Mungu amrehemu, mwanawe Murtaza akashika duka, na mimi nikabaki na ile amri ya mteja aje na ya zamani, na kichwa kilichojaa maoni ya watu wengine. Nikajiambia angalau kazi naijua. Sasa nifike kwa Mchopa.

Mchopa ni mtu wa huku kwetu Mahurunga. Hatuna undugu wa damu, ila tunaitana nnongo kama watu wa huku wanavyoitana ndugu. Ana pikapu moja, nyumodeli, namaanisha ile ya kwanza yenye jina lake. Aliinunua ikiwa imeshazeeka mikononi mwa wengine. Asubuhi anawapeleka mjini akina mama na makopa yao ya mihogo na ming'oko, vile viazi vya porini, jioni anawarudisha na sukari na sabuni. Msimu wa korosho anabeba magunia kwenda ghalani. Mabinti zake wawili wako sekondari kwa nguvu ya gari hilo, na shamba lake la mihogo ni dogo, la kula tu.

Korosho zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kudondoka pale difu ya nyuma ilipovunjika. Difu ni lile bakuli la chuma katikati ya ekseli, lenye meno yanayogeuza magurudumu, na meno yake yalikuwa yamesagika kama mahindi. Gari likasimama kando ya njia na jiwe nyuma ya tairi. Mtu mwingine akaanza kupitisha gari lake kwenye njia ile ile ya Mchopa, na akina mama, ambao hawawezi kuketi na ming'oko wakisubiri huruma, wakapanda. Kisha akaja mnunuzi wa skrepa kutoka mjini. Akalizunguka gari, akaligonga gonga kama mtu anayechagua tikiti, akasema atarudi Ijumaa baada ya swala na winchi. Mchopa hakumkubalia wala hakumkatalia. Alikuja kaunta kwangu akaniambia kwamba gari likienda kwa kilo, yeye anakuwa kibarua wa mashamba ya watu na mabinti wanarudi nyumbani.

Mtwara nzima haikuwa na difu ile. Nikampigia muuzaji wetu wa jumla wa Dar. Karani wa zamani, aliyekuwa akituelewa kwa nusu neno, alikuwa ameshaondoka, akapokea kijana mpya mwenye adabu. Ya zamani ya Mchopa ilikuwa bado ndani ya gari, Mahurunga, na Ijumaa ilikuwa inakuja, kwa hiyo niliagiza kwa mdomo: difu ya nyuma ya pikapu, nyumodeli. Kijana akasema, nyumodeli, sawa mama. Nikarudia, nyumodeli. Akasema nimeshaelewa mama. Tulielewana vizuri sana, kila mtu na nyumodeli yake.

Mzigo ulishuka kwenye basi Alhamisi. Mchopa alikuwa ameshafika gereji, amemletea Fundi Chilumba difu iliyovunjika ili asubuhi kazi iende haraka. Chilumba akafungua boksi, akasoma karatasi iliyobandikwa, akaniita kwa jina langu kamili. Ilikuwa ya Ya Gesi. Nikampigia yule kijana, na yeye hakuelewa nagomba nini. Mama, si umesema nyumodeli? Hiyo ndiyo nyumodeli, ndiyo mpya. Nikakata simu. Alikuwa amefanya hasa nilichomwambia.

Mchopa alikuwa ameketi kizingitini pa gereji. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema, "Basi, dada Somoe. Mwache huyo mtu wa skrepa aje." Nilisikia uchungu, tena uchungu wenye hasira ndani yake, na sikujua nimkasirikie nani: kijana wa Dar, kiwanda, au yule dereva wa kwanza aliyeshuka Mtwara na neno "new model".

Chilumba yeye alijua wa kumkasirikia. Akaniambia nisogee nione kwa macho yangu kiwanda kilichotufanyia, kwa nini yeye anapiga kelele miaka yote. Akaiweka difu ya zamani chini, akaiweka mpya kando yake, akanyoosha kidole ili anionyeshe tofauti. Kidole kikabaki hewani. Akazunguka upande wa pili. Akapangusa grisi kwa kitambaa, akachuchumaa. Akachukua gasketi iliyotoka kwenye ya zamani, akailaza juu ya mpya, na kila tundu likakaa juu ya tundu lake. Akaigeuza, akaingiza vidole kwenye meno. Akaleta kipimo, akapima, akapima tena.

"Sasa hawa watu," alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha hata kidogo, "walibadilisha nini?"

Ijumaa asubuhi aliifunga palepale kando ya njia, na kabla ya adhana Mchopa alikuwa ameshakwenda Madimba na kurudi kuijaribu. Mnunuzi wa skrepa alipokuja na winchi yake alikuta jiwe tu. Mchopa aliponisimulia alicheka mpaka akakohoa, kisha akapangusa uso. Akina mama walirudi kwake wiki ile ile, bila kuomba radhi.

Mngedhani Fundi Chilumba angefurahi. Alinuna. Miaka yote amekilaani kiwanda kwa kubadilisha magari, na kumbe sura tatu zimepita juu ya difu moja na hakuna aliyemwambia. Mimi nilijitia hekima, nikaanza kuwaambia wateja kwamba mabadiliko ni rangi na taa tu, ndani ni vile vile. Hekima hiyo ilidumu mpaka Mchopa alipotaka mashine ya kupandishia kioo cha mlango. Tulipata moja kutoka nyumodeli nyingine, ndugu kabisa wa ile yake, uso mmoja, hata rangi moja. Ikakataa. Katikati ya maisha ya modeli ile ile, bila kugusa sura, kiwanda kilikuwa kimebadilisha tumbo la mlango.

Kwa hiyo Rehema, unaniuliza miaka mingapi, na mimi sijui hata tuanzie wapi kuhesabu. Gari likibadilika uso na mgongo ukabaki, limebadilishwa? Likibadilika mlangoni kimya kimya na uso ukabaki, ni la zamani? Mzee wangu alisema mpaka mtoto aweze kuliendesha, lakini hakusema sehemu gani ya gari. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimelisimulia kwa dada yangu, akaniambia nile.

Miezi ya mwisho kabla sijastaafu yule kijana wa Dar, ambaye tulishazoeana, alinipigia kwa jambo jingine, akalitaja na hili kwa kupita tu. Modeli iliyotoka sasa ina difu tofauti kabisa. Ile yetu haitakuja tena. Nilienda rafuni nikakuta tumebakiwa na moja kati ya zile tulizoagiza baada ya ile ya Mchopa. Murtaza alisema tukifunga hesabu ya stoo ihamishiwe nyuma, kwa marehemu, au achukue yeyote atakayekuja kwanza. Wiki hiyo hiyo mkaniuliza nataka zawadi gani ya kuagwa, wengine mkasema friji, wengine godoro. Mlicheka nilipotaja nilichotaka, mkapiga na picha. Watu wawili wenye nguvu waliibeba mpaka ndani kwangu.

Iko sebuleni. Nimeizungushia karatasi ya grisi na juu yake kanga kuukuu, na wageni huweka kikombe juu yake wakidhani ni kigoda. Sijampa Mchopa mkononi. Ya kwake bado nzima, na mwezi wa kubanwa ukija ataiuza, namjua na yeye anajijua, tumekubaliana ikae kwangu. Kwa hiyo kila asubuhi akipita na akina mama wake anapunguza mwendo mbele ya mlango wangu, hazimi gari, anauliza, "Dada, ipo?" Nami namjibu ipo, anakwenda zake.

Juzi alipita bila kuuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio, nimeshafungua na mdomo kujibu, gari likanipita na vumbi lake. Nikaingia ndani nikafunua kanga. Ilikuwepo, ingekwenda wapi. Nikawaza labda amepata nyingine mahali. Labda ameamua kuuza, achukue Ya Gesi kama wenzake, na ni haki yake, mimi mwenyewe siku moja niliitamani. Nikaketi juu ya ile difu, uzito wote huo wa chuma chini yangu, nikahuzunika, na nilipojaribu kujua nahuzunikia nini hasa nikashindwa.

Kisha nikasikia gari linalia kwa kurudi kinyumenyume. Nikatoka. Ilikuwa pikapu ya Mchopa inakuja na mgongo, akina mama juu wameshikilia vikapu vya ming'oko, wananung'unika kwamba watachelewa soko. Akasimama sawa na mlango wangu, akatoa kichwa dirishani, kwenye kile kioo kisichopanda.

"Dada Somoe, nisamehe, nilikuwa nasema nao nikasahau. Ipo?"

"Ipo, nnongo," nikamwambia. "Nenda."